Runinga ya chumbani: waya wa sebuleni, antena, king'amuzi cha pili au intaneti?

Nyumba nyingi huanza na runinga moja sebuleni. Ikinunuliwa kubwa zaidi, ile ya zamani ya inchi 24 au 32 huhamia chumbani, na hapo ndipo swali huanza: itapata wapi picha? Fundi wa kwanza atakwambia uvute waya kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni. Wa pili atakuuzia spilita, kile kigawanyio cha waya wa antena. Mwenye duka atakuonyesha antena ndogo ya kuweka juu ya kabati. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, na kila mmoja anaweza kukupotezea pesa, kwa sababu hakuna aliyekuuliza jambo la kwanza: chumbani mnataka kuangalia kile kile kinachoonyeshwa sebuleni, au kitu kingine kwa wakati ule ule?

Jibu lako hapo linamaliza nusu ya kazi. Ukitaka picha ile ile, waya mmoja unatosha na hakuna malipo mapya. Ukitaka mama aangalie taarifa ya habari ya saa moja jioni chumbani huku watoto wakiwa na katuni sebuleni, basi chumba kinahitaji chanzo chake chenyewe, iwe antena, king'amuzi cha pili au intaneti. Nimeona watu wakitoboa kuta tatu kupitisha waya wa HDMI, kisha wiki ya kwanza tu ugomvi wa rimoti ukaanza, kwa sababu walichohitaji hakikuwa waya.

Geuza runinga kwanza

Kabla ya kununua chochote, tazama mgongo wa runinga yenyewe. Karibu kila runinga ina tundu la antena, lakini tundu halisemi kilicho ndani. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analogia tarehe 31 Desemba 2012 kwa kuanzia na Dar es Salaam, na Kenya ikazima yake mwaka 2015. Tangu hapo, runinga yenye kipokezi cha analogia pekee itaonyesha chenga tu hata ukiiwekea mlingoti mrefu kama mnazi. Unachotafuta ni maandishi ya DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali wa antena unaotumika huku kwetu. Stika ikiwa imebanduka, fungua menyu ya kutafuta chaneli: ikikupa nafasi ya kuchagua DTV, kipokezi cha dijitali kimo ndani, ikikupa ATV peke yake, hakimo, na utahitaji kisanduku cha T2 pembeni. Soma herufi kwa makini. DVB-T bila ile 2 haitoshi huku kwetu, na baadhi ya runinga za mtumba kutoka Ulaya huishia hapo hapo.

Runinga nyingine zina tundu la pili lenye nyuzi za kuzungusha, limeandikwa LNB IN. Hilo ni la dishi; LNB ni kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Litakupa chaneli za setilaiti zisizofungwa kwa malipo, wala usidhani litachukua nafasi ya king'amuzi cha kulipia, kwa kuwa runinga haina namna ya kufungua chaneli hizo.

Hesabu pia matundu ya HDMI, na uangalie kama yale matatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, yanayoitwa AV, yapo. Runinga mpya zinaanza kuyaacha.

Kuvuta picha kutoka sebuleni

Hii ndiyo njia ya bei rahisi zaidi kwa mwenye king'amuzi tayari. Ving'amuzi vingi hutoa picha kwenye HDMI na kwenye AV kwa pamoja, kwa hiyo HDMI inabaki kwenye runinga ya sebuleni na waya wa AV unakwenda chumbani. Picha ya AV ni ya mistari 576, haijafika hata HD, lakini kwenye runinga ya inchi 24 inayotazamwa kutoka kitandani wengi hawaoni tofauti. Kwenye inchi 43 utaiona mara moja: maandishi ya chini ya habari huwa na ukungu na majina ya wachezaji mgongoni hayasomeki.

Kuna jambo dogo linalosumbua watu kwenye AV. King'amuzi kidogo hakina nafasi ya matundu matatu, hutoa kila kitu kwenye tundu moja dogo kama la spika za masikioni, na waya wake una kichwa kimoja upande huu na vichwa vitatu upande wa pili. Watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wa ndani. Unaweza kuchomeka njano kwenye njano ukapata mngurumo badala ya picha. Usitupe waya, hamisha kichwa chekundu kiingie kwenye tundu la njano, kisha cheupe, mpaka picha ije.

HDMI inatoa picha safi zaidi, ila ina masharti. Waya wa kawaida huenda vizuri hadi kama mita 10 kwa picha ya 1080p. Ukikaribia mita 15 picha huanza kukatika au skrini huwa nyeusi kwa sekunde moja moja. Zaidi ya hapo kuna vifaa vya kupitisha HDMI juu ya waya wa mtandao wa Cat6, kimoja kila upande, vinavyofika mita 30 na zaidi. Pia king'amuzi kina tundu moja tu la HDMI, kwa hiyo utahitaji kigawanyio. Dukani kuna visanduku viwili vinavyofanana sana: kimoja hupokea vifaa viwili na kupeleka kwenye runinga moja, kingine hupokea kifaa kimoja na kupeleka kwenye runinga mbili. Wewe unataka cha pili, chenye IN moja na OUT mbili. Na ujue kwamba runinga ya chumbani ikiwa ya ubora wa chini wa 720p, kigawanyio cha bei ya chini huweza kuishusha na ile ya sebuleni ilingane nayo.

Tundu linalodanganya kuliko yote ni lile la RF OUT. Zamani ving'amuzi vilikuwa na mtambo mdogo ndani uliogeuza picha kuwa chaneli ya analogia, ukavuta waya wa antena hadi chumbani, ukatafuta chaneli, ukamwona mtangazaji. Ving'amuzi vingi vya sasa vimeacha kazi hiyo. Tundu bado lipo, jina ni lile lile au LOOP OUT, lakini kinachotoka ni mawimbi yaliyoingia kutoka kwenye antena au dishi, si picha iliyokwisha fumbuliwa. Ukiyapeleka moja kwa moja kwenye runinga ya chumbani huoni zile chaneli ulizolipia. Kabla ya kununua mita 20 za waya kwa ajili ya tundu hilo, fungua menyu ya king'amuzi utafute mpangilio wa chaneli ya RF. Usipouona, jua mtambo huo haumo.

Halafu lipo suala la rimoti. Picha imefika chumbani, ila king'amuzi kimebaki sebuleni, na mwanga wa rimoti haupenyi ukuta. Kila unapotaka kubadilisha chaneli unanyanyuka. Kuna jicho la waya linalobandikwa chumbani na kupeleka amri hadi mbele ya king'amuzi. Baadhi ya vifaa vya HDMI juu ya Cat6 huja nalo. Bila jicho hilo, njia hii inamfaa mtu anayeishi peke yake, au mgonjwa aliyelazwa nyumbani ambaye watu wa sebuleni wanamchagulia. Kwa familia yenye watoto, siipendekezi.

Antena: njia ninayoipigia debe

Kwa mtu anayetaka habari, tamthilia za hapa nyumbani na mechi zinazorushwa bure, antena inashinda. Nchini Kenya chaneli kama KBC, Citizen, NTV na KTN zinarushwa hewani kwa DVB-T2 bila malipo ya mwezi. Antena nzuri ya nje hununuliwa mara moja, na bei yake haifiki hata kifurushi kikubwa cha mwezi mmoja cha king'amuzi cha setilaiti. Runinga ya chumbani inakuwa na rimoti yake, chaneli zake, na haimuulizi mtu wa sebuleni chochote. Tanzania chaneli za bure zimezoeleka zaidi kupitia king'amuzi cha antena, basi kabla ya kutegemea kipokezi cha runinga pekee, uliza jirani mwenye runinga kama yako anapata zipi mtaani kwenu.

Antena ya ndani au ya nje? Ile ya juu ya kabati huuzwa kwa ahadi nyingi, na kwenye ghorofa ya nne yenye dirisha linaloutazama mnara itafanya kazi vizuri. Kwenye nyumba ya chini yenye kuta za matofali ya saruji na paa la mabati, mabati yale yanayazuia na kuyarudisha mawimbi kabla hayajakufikia. Utasogeza antena dirishani, juu ya pazia, nyuma ya mlango, na bado chaneli tatu zitakuja na tano zitakataa. Hapo usipoteze muda: panda nje. Hata mita mbili juu ya paa hubadilisha mambo.

Mawimbi ya dijitali hayafifii polepole kama yale ya zamani. Ama picha ni safi kabisa, ama inaganda, inavunjika vipande vya mraba, kisha inapotea. Kwa hiyo usielekeze antena kwa kutazama uzuri wa picha. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu, utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Wengi hukimbilia nguvu. Ubora ndio unaoamua. Geuza antena kidogo, subiri sekunde chache namba itulie, ndipo ugeuze tena. Mtu mmoja awe juu, mwingine mbele ya runinga akisoma namba kwa sauti.

Ikiwa sebuleni tayari kuna antena ya nje, spilita ya njia mbili inatosha kulisha vyumba viwili, lakini kila upande utapata pungufu ya nusu ya nguvu iliyoingia. Kama sebuleni ubora umejaa, hutagundua. Kama ulikuwa unayumba, chumbani na sebuleni kote kutaganda. Busta, yaani kikuza mawimbi, husaidia ikiwekwa juu karibu na antena, kabla ya spilita, kwani huko mawimbi bado ni safi. Ukiiweka chini mwisho wa waya mrefu, inakuza na uchafu wote uliookotwa njiani. Baadhi ya busta za juu hulishwa umeme wa volti 5 kupitia waya ule ule wa antena, na ving'amuzi na visanduku vya T2 vingi vina sehemu ya menyu ya kuuwasha. Umeme huo usipowashwa, busta huzuia badala ya kusaidia, na lazima spilita iwe ya aina inayouruhusu kupita.

Kwa sisi wa Pwani, adui mkubwa wa antena ni chumvi. Fungua kiungio cha waya kilichokaa nje mwaka mmoja Mombasa au Tanga, utaona waya wa shaba wa katikati umevaa kutu ya kijani, na sufi ya chuma inayouzunguka imekuwa unga mweusi. Runinga italeta chaneli asubuhi na kuzikataa usiku, na mwenye nyumba atailaumu stesheni. Kata sentimita tano, vua upya, zungusha kiungio kipya, kisha kifunge kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe au upake grisi isiyopitisha maji. Tumia waya wa RG6. Ule mwembamba wa bei ya kutupa hupoteza mawimbi mengi kwenye masafa ya UHF, ambako ndiko runinga za Kenya zinarushwa, kati ya megahezi 470 na 694.

King'amuzi cha pili

Kama chumbani mnataka ligi, filamu na chaneli za kulipia tofauti na za sebuleni, hakuna mkato: kila runinga iwe na king'amuzi chake. Tofauti kubwa hapa ni ya antena na dishi.

King'amuzi cha antena, kama cha GOtv Kenya au cha StarTimes cha nchi kavu, ni rahisi kuongeza. Unagawa waya wa antena kwa spilita ile ile niliyoeleza, kila king'amuzi kinachagua chaneli yake, hakuna anayemwingilia mwenzake.

Dishi ni habari nyingine, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. LNB ya kawaida yenye tundu moja hufuata amri ya king'amuzi: ikipewa volti 13 inapokea mawimbi ya wima, ikipewa 18 inapokea ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 unaibadilisha iende masafa ya juu. Ukiunganisha ving'amuzi viwili kwa spilita kwenye LNB hiyo, kila kimoja kinatoa amri yake. Sebuleni wakihamia chaneli ya upande mwingine, chumbani inaandika hakuna mawimbi, na hakuna anayeelewa kwa nini inatokea na kupotea. Dawa ni LNB yenye matundu mawili, kila tundu na waya wake kutoka juu hadi kwenye king'amuzi chake. Ziko pia za matundu manne, na kama unajenga nyumba sasa, pitisha nyaya mbili mbili kwenye kila chumba kabla ya kupiga lipu.

Dishi lile lile litumike kwa kampuni ile ile. Kwa Afrika Mashariki DStv inatoka kwenye setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki na Azam nyuzi 7 mashariki. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, ya kwanza iko karibu utosini, zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho, ndiyo maana madishi yake yamelala chali zaidi. Ya pili iko upande wa magharibi, nyuzi 50 na kidogo juu. Dishi dogo la nyumbani haliwezi kuzitazama zote mbili. Kwa hiyo kuweka Azam chumbani na DStv sebuleni ni madishi mawili, si LNB mbili.

Malipo nayo yana tofauti. Kwa kawaida kila king'amuzi ni akaunti na kifurushi chake. DStv wana mpango wa XtraView unaounganisha ving'amuzi viwili au vitatu kwenye kifurushi kimoja kwa ada ya ziada ya mwezi, na kwa mwenye kifurushi kikubwa ada hiyo ni nafuu kuliko kulipa mara mbili. Uliza kwanza kama ving'amuzi ulivyonavyo vinakubaliana; si kila aina huungana na kila aina. Ukiwa na kifurushi kidogo, piga hesabu upya: akaunti ya pili ya kampuni nyingine ya bei ya chini inaweza kukupa chaneli nyingi zaidi kwa pesa zile zile.

Mvua ya masika hukata setilaiti kwa dakika kadhaa wakati wingu zito limekaa kati ya dishi na anga. Antena ya T2 huendelea. Kwa hiyo hata mwenye dishi, antena ya akiba chumbani ina faida.

Intaneti

Kwa nyumba yenye intaneti ya waya isiyohesabiwa, chumba cha kijana hakihitaji kitu kingine. Runinga ya Android, au kijiti cha intaneti cha kuchomeka kwenye HDMI, kinatosha, na stesheni kadhaa za Kenya hurusha matangazo yao moja kwa moja YouTube. Netflix wanashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na saa moja ya HD huweza kula hadi gigabaiti 3. Kwa bando la simu hesabu hiyo ni nzito: filamu moja ya saa mbili inaweza kukumalizia bando la wiki. Shusha ubora hadi 480p kwenye mipangilio kama lazima utumie simu.

Kwenye mpira intaneti inachelewa. Matangazo ya mtandaoni huwa nyuma ya antena na dishi kwa sekunde 20, 30, wakati mwingine zaidi. Ukiwa na jirani mwenye dishi, utasikia goli kabla hujaliona, na mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards au Simba na Yanga haina raha tena.

Ukuta wa mawe ya matumbawe au wa saruji hudhoofisha Wi-Fi ya gigahezi 5 haraka; jaribu ile ya 2.4 ikiwa chumba kiko mbali, au upeleke waya wa mtandao hadi kwenye runinga. Waya unashinda kila mara.

Nani achague nini

Mzazi mtu mzima ambaye hataki menyu za kuzunguka: antena ya nje na runinga yenye DVB-T2. Anawasha, chaneli inakuja, hakuna siku kifurushi kinaisha katikati ya habari. Hii ndiyo zawadi bora kuliko king'amuzi chochote utakachomnunulia.

Wanandoa wasio na watoto, wanaoangalia pamoja: AV au HDMI kutoka sebuleni, pamoja na jicho la rimoti. Msilipe kifurushi cha pili.

Familia yenye mashabiki wa mpira na wapenzi wa tamthilia: LNB ya matundu mawili na king'amuzi cha pili, na antena kwa siku za mvua. Ghali kidogo, lakini inaondoa ugomvi.

Mpangaji wa chumba kimoja au fleti: usitoboe ukuta wa mwenye nyumba kabla hujamuuliza kama jengo lina antena au dishi la pamoja. Fleti nyingi zina waya uliokwisha fika ukutani, umefichwa nyuma ya kibao cheupe cha plastiki. Ukikuta waya huo, uliza umetoka kwenye nini. Ukitoka kwenye antena, unganisha na runinga yako au kisanduku cha T2. Ukitoka kwenye dishi, utahitaji king'amuzi cha kampuni ambayo dishi hilo linaitazama. Na kama ni lazima upitishe waya mpya kutoka nje, toboa tundu likiinamia nje, uache waya ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi kwenye kiungio cha runinga.